Chafya ya Mdudu wa Himalaya

Kwetu huku Kuresoi mtoto anaitwa mpaka aitike. Ana majina mengine, ndiyo: la saa aliyozaliwa, la kanisani, la kuandikisha shule. Lakini kuna moja la ndani, na hilo halichaguliwi na baba wala mama. Wanawake wazee tunaketi karibu na mtoto, mmoja anaita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na mwingine anampitishia ugoro karibu na pua, harufu tu, si wa kuvuta. Jina atakalolipigia chafya ndilo lake. Maana yake yule marehemu amerudi, amekubali kumlinda. Zamani watu wa kanisa walitugombeza sana kwa jambo hili. Siku hizi mchungaji mwenyewe akipata mjukuu ananitumia mtu, ila anaomba nipitie mlango wa jikoni.

Mwitaji wa majina ni mimi. Shule sikwenda mbali. Nilitolewa darasa la tatu nikachunge ndama, na mwandiko wangu mtauona wenyewe unavyopanda na kushuka. Lakini majina ya boma la mume wangu ninayo yote kichwani, wanawake na wanaume, hata ya wale waliofariki wakiwa wachanga ambao mama zao wenyewe walishaacha kuwataja. Mtu akija kuniuliza nani alimzaa nani, simwambii angoje. Hapa lakini sitaandika hata moja. Ya marehemu hayatupwi ovyo kwenye karatasi, na walio hai hawajaniomba niwaweke kitabuni.

Katika majina hayo kuna moja lililokuwa linanikwama. La binti yangu wa kwanza. Alifia hospitali mjini Nakuru, kifua, akaniachia msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama akishika mguu wa meza. Hakuwa ameolewa, kwa hiyo mtoto alikuwa wa boma letu, na mimi nikawa gogo, yaani bibi, na mama kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo, kila wanangu wa kiume walipopata mtoto wa kike, niliita jina la dada yao. Nimeliita hapa nyumbani, nimeliita Molo, nimeliita Nakuru kwenye nyumba ya ghorofa ambapo jirani aligonga ukuta akidhani tunagombana. Hakuna mtoto aliyepiga chafya. Jina linapita hivi, kama gari lisilosimama, mtoto ananiangalia tu.

Wifi yangu, dada ya mume wangu, ambaye tumezoeana kwa kuchokozana tangu nilipoolewa, aliwahi kuniambia, "Mke wa kaka, mwache. Labda hataki kurudi kwenye baridi hii yenu."

Alicheka. Mimi nilicheka pia, lakini usiku huo nilirudisha ugali wangu sufuriani. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu kabla sijaenda na mimi: nisikie mtu au kitu chenye uhai kikiitwa kwa jina lile. Basi. Sikuomba zaidi.

Sasa huyo msichana aliyeachwa. Tangu mdogo alikuwa wa wadudu. Ukimtuma shambani akuletee viazi vya mchana, unamkuta amelala kifudifudi kati ya matuta, kidevu kwenye udongo, anaangalia kitu kinachotembea. Viazi hakuna. Nilimpa mkebe wa chumvi uliokwisha, nikautoboa matundu juu kwa msumari, awe anawaweka humo. Majirani walisema namharibu. Mmoja aliniita kwenye ua: "Mathe, huyu mtoto wako anaongea na viwavi!" Nikamwambia, "Bora. Viwavi hawasengenyi."

Akasoma, akapita, akafika chuo kikuu, akamaliza, na badala ya kurudi na kazi akarudi na habari kwamba amepata ufadhili wa kwenda India, kusomea wadudu zaidi. Wifi yangu alishika kiuno. "Watoto wa wenzako wanaenda India kusomea udaktari. Wako anaenda kusomea mende?"

"Mende wa huko wamesoma," nikamjibu. Niliuza fahali nikamnunulia koti zito, na alipopanda gari la kwenda Nairobi nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Chuo chake kiko chini ya milima ya Himalaya. Mara ya kwanza aliponipigia simu ya video kutoka huko juu, alinigeuzia simu upande wa milima.

"Gogo, unaona?"

"Naona mawingu."

"Si mawingu. Ni theluji. Iko hivyo mwaka mzima."

Mimi najua baridi. Hapa kwetu asubuhi nyingine majani ya viazi yanaamka yameungua kama yamepitiwa na moto. Lakini mlima kukaa mweupe mwaka mzima, na mtoto niliyemlea kwa uji wa wimbi anasimama mbele yake na wavu wa kunasa wadudu! Niliwaita wote waliokuwa karibu waje waone. Hata mnunuzi wa viazi aliacha gunia kwenye mizani akaja.

Halafu siku moja akapiga simu sauti yake ikiwa imebadilika. Alisema amepata mdudu ambaye huenda hakuna mtu amewahi kumwandika. Ni wa jamii ya wadudu askari. Nikamuuliza wana bunduki? Akasema wameitwa hivyo kwa sababu wale waliojulikana kwanza huko Ulaya walikuwa na rangi kama makoti mekundu ya askari wa zamani. Ni wa kundi la mbawakawa, lakini mbawakawa wengine mgongo wao ni mgumu kama ganda la njugu, na hawa ni laini, ukigusa unapinda kama ngozi. Wanapenda kukaa juu ya maua meupe, ya aina ile ya dania uliyoiacha ikazeeka shambani. Mwenzake wa darasani alisema huyu ni yule yule wa siku zote. Yeye akasema hapana.

"Na utajuaje?" nikamuuliza. "Kama wanafanana, wanafanana."

Akashusha sauti. "Gogo, uko peke yako?"

"Niko na wifi."

"Basi nitakwambia baadaye."

"Sema tu. Huyu amezaa saba, hakuna kitu kitamshtua."

Ndipo akaeleza kwamba wadudu hawa kwa nje wanaweza kufanana kama mapacha, na njia ya uhakika ya kuwatofautisha ni kumchukua dume, kumfungua kwa sindano nyembamba chini ya mashine ya kukuza vitu, na kuangalia kile kiungo chake cha kiume. Kila spishi ina umbo lake. La huyu lilikuwa na ncha mbili zilizopinda, na hakuna mwingine aliyewahi kuchorwa akiwa nazo.

Wifi yangu alianguka kwenye kochi. Alicheka mpaka kilemba kikatoka. "Yaani tumeuza fahali," akasema, "ndege ikavuka bahari, ili mtoto akachungulie suruali za wadudu!"

"Gogo, mwambie aache kucheka!"

"Siwezi," nikasema, maana mimi mwenyewe nilikuwa nafuta machozi kwa leso.

Lakini baada ya hapo niliona kazi ilivyo kubwa. Haitoshi kusema mdudu ni mpya. Lazima umwelezee kwa maneno, ili mtu ambaye hajawahi kumwona, huko mwisho wa dunia, akimkuta juu ya ua amjue. Alimlinganisha na wengine waliokaa kwenye masanduku miaka mingi kabla hajazaliwa. Aliomba picha kutoka makumbusho ya nchi nyingine. Alipima miguu, alipima pembe. Viazi vya masika vikachimbwa, vya vuli vikapandwa, yeye bado anapima. Akichoka ananipigia, na mimi namwambia, "Nielezee mimi. Fanya kama sioni."

Anaanza: kichwa cheusi, kinang'aa. Macho yametokeza pembeni. Pembe ndefu zenye vipande vipande, vya mwanzo vya rangi ya asali, vinavyofuata vyeusi. Kifua kina rangi ya karoti, katikati kuna doa jeusi kama alama ya kidole. Mabawa meusi, yana vinyweleo vifupi, ukiyaangalia kwenye jua yanakuwa na bluu kwa mbali.

"Na miguu?"

"Magoti ni rangi ya karoti."

"Yote sita?"

"Yote sita, Gogo."

"Usiruke hata mmoja. Mtu asije akasema ulikuwa na haraka."

Nilimjua mdudu yule kabla sijaona picha yake, vile unavyomjua mtoto kwa teke lake kabla hajatoka tumboni. Na nilimjua mjukuu wangu upya. Yule aliyeniletea mkebe wa chumvi ukiwa umejaa miguu sasa alikuwa anabishana na maprofesa kwa utaratibu, kwa sauti ya chini, bila kurudi nyuma.

Profesa wake alikubali. Wengine aliowatumia wakakubali. Mdudu ni mpya. Kilichobaki ni jina, na mwenye haki ya kumpa ni yule anayemwelezea.

"Gogo," akasema, "nimeshaamua. Nampa jina lako."

Nilishtuka nikasimama. "Unataka kuniua?"

"Ni heshima!"

"Heshima gani ya kuniita kama marehemu? Umeona wapi kwetu mtu aliye hai anaitwa juu ya kiumbe kingine? Majina yanayoitwa ni ya waliokwenda. Ngoja na mimi niende kwanza, halafu uite mpaka ukauke koo."

 Niliusikia upepo wa huko kwao kwenye simu. Kisha akasema polepole, "Basi nimpe jina la mama."

Hapo niliketi tena. Lilikuwa lile lile nililolitaka miaka yote, na limekuja kwa mlango nisioutazamia. Lakini nilikuwa na hofu. Alishaniambia sheria zao. Jina likishachapishwa halifutwi, hata kama mtu ameliandika vibaya. Na mdudu mmoja, mmoja tu kati ya wote, anachaguliwa kuwa mwenye jina. Anawekewa karatasi nyekundu, anafungiwa kwenye droo ya makumbusho, na mtu yeyote akibishana kuhusu jina lile anaenda kumtazama yeye. Mimi nikawaza: binti yangu ambaye watoto wote wamekataa kumwitikia, sasa nimfungie kwenye droo, ugenini, milele? Na je, kesho akizaliwa mtoto wa kumtaka, atakuta mlango umefungwa?

"Ngoja uje nyumbani," nikamwambia. "Jambo hili si la simu."

Alikuja mwezi wa Desemba, likizo. Siku hizo hizo kijana wangu wa mwisho, anayefanya kazi kiwanda cha mbao Elburgon, akapata mtoto wa kike. Tukaenda wote. Nyumba yao inanukia mbao mbichi mpaka kwenye chai. Mimi nilikalia kiti cha katikati, wifi yangu akashika kikopo cha ugoro, mama mtoto akamlaza mwanawe mapajani. Mjukuu wangu akakaa chini karibu na miguu yangu, amebeba bahasha kubwa.

Nikaanza kuita. Nilianza na wa mbali, wale ambao hata kaburi halijulikani liko wapi. Mtoto kimya. Nikafika kwa binti yangu. Niliita mara moja, nikaita tena kwa sauti iliyo wazi zaidi. Wifi akapitisha ugoro. Mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, na nyumba nzima ikashika pumzi. Akapiga miayo.

Nikaendelea. Mwitaji hasimami njiani. Jina lililofuata lilikuwa la mama mkwe wangu, mama yake wifi, na hapo mtoto akapiga chafya mbili kwa mfululizo, za nguvu, mpaka mikono ikaruka.

"Mama yangu huyo!" wifi akaruka juu. "Mmesikia? Mara mbili! Mama hakuwa mtu wa kurudi kimya kimya!" Tukapiga vigelegele, na mursik, maziwa yetu ya mgando, ikamiminwa kutoka kwenye kibuyu. Nilifurahi, sitasema uongo. Mama mkwe alinitendea wema. Lakini nilikunywa nikiangalia ndani ya kikombe.

Ndipo mjukuu wangu akanigusa goti. "Gogo, bado kuna mmoja."

Akafungua bahasha, akatoa picha ya yule mdudu, ameikuza mpaka ikawa kubwa kama sinia, akaiegemeza kwenye kibuyu. Kifua rangi ya karoti, doa la kidole, magoti yote sita. Sikuhitaji kuambiwa. Nilimwona nikasema, "Kumbe ndiwe."

Watu wakacheka. Wifi yangu, ambaye sasa alikuwa na furaha ya kuchokoza, akainama akaangalia. "Na pua iko wapi?"

"Hana pua," mjukuu wangu akasema. "Ananusa kwa pembe."

"Haya. Na huyu ni dume au jike?"

"Huyu aliye kwenye picha, anayeshika jina, ni dume. Lakini jina ni la wote."

"Dume!" Wifi akageukia watu kama yuko mahakamani. "Jina la mwanamke wetu apewe dume? Tena mdudu?"

"Kwani ukoo wenu ni wa nini?" nikamuuliza. Yeye anajua, kila mtu mle ndani anajua. Ukoo wa mume wangu ni wa siafu na mvua. Siafu wakiingia nyumbani kwetu hatuwachomi, tunawaomba wapite. "Siafu ni ng'ombe? Umekuwa mdudu tangu uzaliwe, leo ndiyo unaona haya? Kama ni dume, basi awe askari wa mlangoni, alinde jina la binti yangu."

Kisha nikamgeukia mjukuu wangu nikamuuliza swali lililonileta njia yote ile. "Ukimpa huyu jina, mtoto wa watu anaweza kulipigia chafya kesho?"

"Anaweza, Gogo. Ile sheria ni ya wanyama na wadudu tu. Hakuna mnyama mwingine wa jamii yake atakayepewa jina hilo. Watoto wako nje ya sheria."

Nikaweka kikombe chini. Wifi akaona uso wangu. Nadhani aliona vizuri, maana uchokozi ulipungua kidogo sautini. "Mwitie basi," akasema. "Tuone." Akachukua kikopo cha ugoro akakipitisha mbele ya picha, kwa madaha, kama anavyompitishia mtoto.

Niliita. Sikuruka hata mmoja. Kama ni kuita, ni kuita. Mjukuu wangu alikuwa amepiga magoti anaishika picha isianguke, uso wake uko pale pale kwenye ugoro. Niliita wa mbali, nikaita wa karibu, nikafika. Nikalitamka jina la mama yake.

Akapiga chafya.

Si ndogo. Picha ilianguka, mtoto akaanza kulia, na mjukuu wangu akabaki amejishika pua, macho yamejaa machozi, ananiangalia.

"Hiyo haihesabiki!" wifi akapiga kelele. "Hiyo ni ugoro!"

"Na ya mtoto ilikuwa nini?" nikamuuliza. "Mahindi?"

Nyumba ikalipuka. Wifi akaketi, akaokota picha, akaipangusa kwa ukingo wa nguo yake, polepole. "Mdudu hana pua," akasema, "aliyemleta amempigia. Basi. Amekubali." Na yeye mwenyewe ndiye aliyeanza vigelegele.

Mjukuu wangu alirudi India akamalizia kazi yake. Ilipochapishwa alinisomea kwa simu, akigeuza kwa Kiswahili, kutoka kichwa mpaka magoti. Mwishoni kuna mahali pa kueleza jina limetoka wapi. Pameandikwa kwamba ni jina la mama wa mwandishi, aliyezaliwa na kulelewa Kuresoi. Nilimwambia asome tena. Akasoma tena. Wamelifunga mkia wa Kilatini nyuma, maana ndiyo desturi yao, lakini mbele ni lile lile nililolipokea siku ile nikiwa nimemshika mwanangu akiwa bado na unyevu kichwani. Nakala ya karatasi hizo iko ukutani kwangu, kando ya picha ya arusi. Mgeni akiingia simwelezi mara moja. Namwacha anywe chai kwanza, aulize mwenyewe.

Kisha maua yalipochanua tena huko milimani, mjukuu wangu na wenzake walipanda kumtafuta mdudu, waone anakaa wapi kwingine. Akanitumia sauti aliyoirekodi. Unasikia upepo, unasikia watu wanahema, wanapanda. Kuna mzee mmoja wa huko anayewapikia na kuwabebea mizigo. Mjukuu wangu alikuwa amemfundisha jina. Mara unamsikia mzee huyo anapaza sauti kutoka mbali. Analitamka kwa namna yake, analivuta katikati, na ule mkia wa Kilatini ameuacha kabisa. Analiita mara mbili, kama mtu anavyomwita mtoto atoke mtoni.

Wifi yangu ndiye anayeipenda sauti hiyo kuliko wote. Jumapili baada ya ibada ananinyang'anya simu, anawakusanya wanawake chini ya ukuta wa kanisa, anawaambia nyamazeni, sikilizeni. Nami nasimama nyuma yao. Najua kila pumzi iliyomo. Mzee anaita, upepo unapita, nyasi zinalia chini ya viatu vya mtu anayekimbia. Halafu mjukuu wangu anajibu kwa Kiswahili, ingawa hapo alipo hakuna anayekijua.

"Ndiye," anasema. "Ndiye huyu."